Kisa cha Iago: mshika bendera alitaka nini kwa Othello?

Mambo yenyewe, kama tamthilia ya Othello ya William Shakespeare inavyoyapanga, ni haya. Othello ni jemadari Mwafrika anayeitumikia dola ya Venice. Amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa seneta Brabantio, bila radhi ya baba. Usiku huohuo habari zinafika kwamba merikebu za Waturuki zinaelekea Kupro, na jemadari anaamriwa aondoke akakilinde kisiwa. Bibi arusi anakabidhiwa Iago, mshika bendera wa Othello, mtu wa miaka 28 aliyepigana chini yake Rhodes na Kupro, amsafirishe salama. Dhoruba inawatawanya Waturuki na vita vinakwisha kabla havijaanza. Baada ya hapo watu wanaangamizana wenyewe kwa wenyewe. Cassio, naibu wa jemadari, kavuliwa cheo, kisha kajeruhiwa mguu. Roderigo, kijana tajiri aliyekuwa akimlipa Iago amfikishe kwa Desdemona, kauawa. Desdemona kazibwa pumzi kitandani na mumewe. Emilia, mke wa Iago, kauawa na Iago mwenyewe. Othello kajiua. Yote yamepangwa na mtu mmoja, kwa maneno na kwa kitambaa kimoja cha mkono.

Kwa nini? Miongozo ya mitihani hujibu kwa maneno matatu, tamaa ya cheo, kisha hufunga ukurasa. Jibu hilo limenikera kwa muda mrefu. Safari hii, tulipoisoma tamthilia na wenzangu hapa Lamu, kwenye ukumbi wa nyumba moja ya mtaa wa Langoni baada ya sala ya alasiri, niliamua kukichambua kisa chote toka mwanzo, ushahidi mmoja mmoja, kama wazee wanavyofanya wanapoletewa ugomvi wa mke na mume. Ndani ya Othello mna nyumba mbili zilizoharibika, na wasomaji wengi huitazama moja tu.

Alichomwambia Roderigo

Malalamiko ya kwanza tunayasikia njiani usiku, karibu na nyumba ya Brabantio. Iago anasema wakubwa watatu wa mji walimwombea unaibu, lakini Othello aliwapiga chenga kwa maneno makubwa ya kivita, maana alikwisha kumchagua Cassio, mtu wa Florence mwenye elimu ya hesabu ambaye hajawahi kupanga kikosi uwanjani. Siku hizi, asema, mtu hupanda kwa barua na kwa kupendwa, si kwa zamu kama zamani. Nani Kenya hii hajasikia malalamiko kama hayo ofisini au bandarini? Ndiyo maana tunayaamini upesi.

Lakini angalieni anaambiwa nani. Roderigo ndiye mfuko wa Iago. Ametoa pesa, baadaye atatoa na vito, na usiku huo ameanza kushuku kwamba analiwa. Iago hana budi kumthibitishia kuwa kweli anamchukia Othello, na chuki yenye sababu inayoeleweka huuzika kuliko chuki tupu. Sisemi kwamba habari ya kunyimwa cheo ni uongo. Cassio kweli kawekwa juu yake, na kweli inamuuma. Nasema tu kwamba haya ni maneno ya mlaji kwa mliwa, na yapimwe kwa mizani hiyo.

Mizani yenyewe imo katika onyesho la tatu la tendo la tatu. Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo, nami nitakaa kidogo.

Cassio amekuja kumwomba Desdemona amwombee msamaha kwa mumewe. Anamwona Othello akija, anaona haya, anaondoka. Iago anadondosha neno moja: hilo silipendi. Othello anauliza amesema nini. Si kitu, bwana, au kama ni kitu, sijui. Muda kidogo anauliza kama Cassio aliyajua mapenzi yao wakati wa kuposana. Aliyajua, asema Othello, mara nyingi alikuwa mjumbe wetu. Kwa nini wauliza? Nilitaka kujua tu. Na kila Othello anapomtaka aseme wazi, Iago anamrudishia maneno yake mwenyewe, mpaka jemadari anapandwa na hasira na kusema kwamba huyu mtu ananiitikia kama mwangwi, kana kwamba ndani ya fikira zake mmefichwa kitu cha kutisha kisichofaa kuonyeshwa.

Tukisoma sehemu hiyo polepole tunaona kwamba hadi hapo Iago hajatoa uongo wowote wa kushikika. Anamwonya Othello ajihadhari na wivu. Anasema jina jema ni johari ya mtu. Halafu anamkumbusha jambo la kweli kabisa: alimdanganya baba yake alipoolewa nawe. Brabantio alikwisha kuyasema hayo mbele ya baraza la Venice, na Iago alikuwapo akisikia. Aliyatunza mpaka siku yake ikafika. Uongo mkubwa, kwamba Cassio alimtaja Desdemona ndotoni na kwamba anacho kitambaa ambacho Othello alimpa mkewe, unakuja baada ya Othello kuwa tayari ameshaanza kujichoma mwenyewe.

Mwisho wa onyesho Othello anapiga magoti kuapa kisasi, na Iago anapiga magoti kando yake. Othello anamwamuru amwue Cassio kabla ya siku tatu kupita. Iago anajibu kwamba rafiki yake amekwisha kufa, kisha anaongeza: lakini yeye mwache aishi. Katika amri ile Desdemona hakutajwa. Hakuna aliyeuliza kama aishi au afe. Ni Iago aliyemleta mezani kwa sura ya kumwombea, na hapohapo Othello anamlaani mkewe na kwenda kutafuta njia ya kumwua. Kisha jemadari anasema maneno ambayo, kwa mujibu wa miongozo ya mitihani, yangepaswa kukimaliza kisa: tangu sasa wewe ndiye naibu wangu.

Amekipata. Cassio kaondolewa, cheo ni chake, na tamthilia bado ina matendo mawili. Mtu aliyekuwa akitafuta cheo angeanza sasa kumtuliza bwana wake, kwa sababu naibu wa jemadari aliyepagawa hana cheo cha kudumu. Iago anafanya kinyume. Katika tendo la nne, Othello anapowaza sumu, Iago ndiye anayemshauri aiache na amkabe mkewe kwenye kitanda kilekile alichokichafua. Cheo hakielezi ushauri huo.

Alichojiambia mwenyewe

Anapobaki peke yake jukwaani, cheo cha Cassio anakitaja kama kitu cha kunyakua, lakini moto uko kwingine. Mwisho wa tendo la kwanza anasema anamchukia Othello, kisha anaongeza kwamba huko nje watu wanasema Othello alilala na mkewe. Hajui kama ni kweli. Lakini kwa dhana tu, asema, nitafanya kama mtu mwenye hakika.

Pwani tuna msemo: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Umeshavunja ndoa nyingi msemo huu. Iago anaishi ndani yake kabisa, ila anatambua kwamba hana ushahidi na anaamua kwamba hauhitaji.

Katika tendo la pili, akiwa Kupro, anaurudia uvumi huo na safari hii unamtoa jasho. Asema wazo hilo linamtafuna matumbo kama sumu, wala nafsi yake haitatulia mpaka walipane mke kwa mke. Akishindwa hilo, walau amtie Othello wivu mkali kiasi ambacho busara haiwezi kuuponya. Hapo hapo anadai kwamba anampenda Desdemona pia, na kwamba anamhofia hata Cassio kwa mkewe. Sababu zinarundikana juu ya sababu. Mshairi wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge, mwanzoni mwa karne ya 19, alitazama rundo hilo akaandika kwamba huu ni ubaya usio na sababu unaowinda sababu. Wahakiki wengi wameishi kwa kauli hiyo tangu wakati huo.

Mimi naona Coleridge aliona vizuri uwindaji, lakini aliuacha mapema. Sababu zilizorundikwa si za uzito mmoja. Cheo anakisema kwa sauti ya hesabu. Kumpenda Desdemona anakusema na kukupuuza katika sentensi ileile. Hofu ya Cassio inapita kama upepo. Sumu ndani ya matumbo ni kwa sababu moja tu, ile ya mkewe na Othello.

Shahidi ambaye hakuulizwa

Shangazi yangu husikiliza masomo yetu huku akishona kofia ya vito. Kiingereza hasomi, kwa hiyo kila tendo likiisha tunamsimulia. Tulipofika kwenye uvumi huu aliisimamisha sindano.

“Na huyo mkewe, amemwuliza?”

“Hakumwuliza, Shangazi. Tangu mwanzo hadi mwisho.”

“Basi hataki kujua, mwanangu. Anayetaka kujua huuliza ndani kwake kwanza.”

Akarudi kwenye kofia yake. Kwangu mimi lilikuwa swali zito kuliko yote niliyoyasoma kuhusu Iago. Shangazi amekaa na wake wengi walioshtakiwa na waume zao, kama mama na kama somo, yaani kungwi, na anajua ni nani anayekuja kutafuta ukweli na ni nani anayekuja na hukumu mfukoni.

Nikarudi kwa Emilia, nikauona ushahidi ambao nilikuwa nikiupita kila mwaka. Katika onyesho la pili la tendo la nne, Othello amekwisha kumtukana Desdemona tusi la mwisho ambalo mume anaweza kumtukana mkewe. Iago anaitwa kumfariji. Emilia, kwa hasira, asema lazima kuna mwovu mmoja mchonganishi aliyezua habari hii ili apate cheo fulani. Hajui kwamba anayemtaja kasimama mbele yake. Iago anajibu kwamba mtu wa namna hiyo hayupo, haiwezekani. Emilia anaendelea kuapiza. Iago anamwambia apunguze sauti. Ndipo Emilia anapotoa maneno haya: ni mtu wa aina hiyohiyo aliyeipindua akili yako nje ndani, ukanishuku mimi na Othello. Iago anamkata: wewe mjinga, nyamaza.

Kwa hiyo Emilia anajua. Uvumi ulifika nyumbani kwao kabla ya tamthilia kuanza, na uliletwa na mtu. Kuna fatani mwingine, asiye na jina, aliyemkalia Iago sikioni kama Iago anavyomkalia Othello. Nyumba ya kwanza iliyoharibiwa kwa neno la pembeni ni ya Iago. Alilimeza, lilimchoma, hakumwuliza mkewe, akabaki nalo.

Nikiliweka hili mahali pake, kisa kinakaa sawa. Iago anaijua dawa anayomnywesha Othello kwa kuwa aliinywa yeye kwanza. Anajua kwamba shaka haihitaji ushahidi, kwamba mwenye shaka hatamwuliza mkewe, au akimwuliza hatamsadiki. Othello anamhoji Emilia, naye anaapa kwamba Desdemona ni safi na kwamba yuko tayari kuiweka roho yake rehani. Haimsaidii. Ni Emilia huyohuyo aliyekwisha kumwambia Desdemona kwamba wenye wivu hawaoni wivu kwa sababu, huona wivu kwa kuwa ni wenye wivu. Maneno hayo mtu hayaokoti hewani. Amelala kitanda kimoja nayo.

Anachokitaka Iago, basi, ni Othello ajue ladha yake. Amtazame mke mwema na asiweze tena kumwamini. Hilo alilisema waziwazi tendo la pili, wivu ambao busara haiwezi kuuponya, na ni katika hilo tu mpango wake ulifaulu bila kasoro. Cheo alikipata akakipoteza.

Siku ya kutua

Uvumi peke yake hautoshi, maana waume wengi husikia mabaya na hawaui. Iago alikuwa na kidonda kingine, na siku ya kutua Kupro kinaonekana mara tatu.

Cassio anamlaki Emilia bandarini na kumbusu mbele ya mumewe, kisha anamgeukia Iago na kumwambia asiudhike, ndiyo malezi yake yanavyompa ujasiri wa adabu hizo. Mtu aliyemega kidogo tu utu wa mwenzake huku akimfundisha adabu. Iago anacheka na kumdhihaki mkewe kuwa ana maneno mengi. Wasomaji wenzangu wa hapa hawakuhitaji maelezo yoyote. Ukumbi mzima ulinyamaza kwenye busu hilo.

Baadaye kidogo Othello anatua, anamkumbatia mkewe, anasema angekufa sasa angekufa na furaha. Anamaliza kwa kumwambia Iago mwema ashuke pwani akateremshe masanduku yake. Huyu ndiye mtu aliyekabidhiwa kumvusha mke wa jemadari baharini. Anaaminiwa kwa kila kitu, na anatumwa kila kitu.

Usiku, kwenye ulevi ambao Iago mwenyewe kauandaa, Cassio anasema kuna roho zitakazookoka na zisizookoka. Iago asema naye anatumaini kuokoka. Naam, asema Cassio kwa ulimi mzito, lakini si kabla yangu. Naibu huokoka kabla ya mshika bendera. Mpaka peponi watapangwa kwa vyeo! Muda mfupi baadaye Cassio yumo katika ugomvi, kamjeruhi Montano, aliyekuwa gavana wa kisiwa kabla ya Othello, na Iago anatoa ushahidi akisema afadhali ulimi wake ukatwe kuliko umdhuru Michael Cassio. Othello anausikia ushahidi huo kama huruma ya rafiki, na anamvua Cassio cheo.

Kwenye giza la tendo la tano, akimvizia Cassio auawe, Iago anatoa sababu ambayo sidhani alikusudia kuitoa. Cassio akibaki hai, asema, maisha yake yana uzuri wa kila siku unaonifanya mimi niwe mbaya. Hili halimo katika malalamiko yake kwa Roderigo. Ni husuda ya asili kabisa, ile inayotaka mwenzako aondoke machoni kwako hata kama kuondoka kwake hakukupi kitu. Mara anaifunika kwa hesabu, kwamba Othello anaweza kumfichulia Cassio njama, lakini imekwisha kumtoka.

Wenzangu waliniuliza kuhusu rangi. Iago anamtukania Othello weusi wake mbele ya Brabantio kwa maneno ya zizini, na baadaye anamtia Othello mwenyewe hofu kwamba mke wa nchi na rangi nyingine atamchoka. Dharau hiyo ni yake kweli, lakini naona anaitumia zaidi kwa kuwa anajua itamwuma nani. Kwa Roderigo anatumia tamaa, kwa Cassio pombe, kwa Brabantio na Othello rangi. Watazamaji wa kwanza walikuwa na la kulinganisha: mwaka 1600 balozi wa Morocco alikuwa London kwa miezi kadhaa, na tamthilia ilichezwa mbele ya mfalme katika kasri la Whitehall tarehe 1 Novemba 1604.

Sababu iliyoondolewa

Shakespeare hakukosa sababu nyepesi ya kumpa Iago. Hadithi aliyoichukua ni ya Mwitaliano Giraldi Cinthio, iliyochapishwa 1565, na humo mshika bendera anampenda mke wa jemadari, mke hana habari naye, mapenzi yanageuka chuki. Kila kitu kiko wazi. Shakespeare aliyashusha mapenzi hayo yakawa nusu sentensi tu, akaweka mahali pake uvumi usiothibitishwa. Wasomaji wa visiwa vyetu wana kipimo chao. Mwana wa Fumo Liyongo alimchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni kwa kuwa mfalme wa Pate alimwahidi makubwa, pamoja na kumwoza binti yake. Ni usaliti mchungu, ila una bei inayojulikana, na hata kunyimwa malipo baadaye kunaeleweka. Iago hana mfalme aliyemwahidi kitu. Hata kitambaa chenye tarizi ya stroberi alichomsumbua mkewe akiibe, hana haja nacho mwenyewe.

Kitambaa hicho ndicho kinachomfichua. Chumbani, mbele ya maiti ya Desdemona, Othello anakitaja, na Emilia anaelewa yote kwa mara moja. Iago anamwamuru aende nyumbani. Emilia anajibu kwamba ni haki amtii mumewe, lakini si sasa, na huenda asirudi nyumbani tena. Anasema alikiokota yeye, akampa mumewe. Iago anamchoma na kukimbia. Emilia anaomba alazwe kando ya bibi yake, na anakufa akishuhudia kwamba Desdemona alikuwa safi.

Iago anarudishwa akiwa amefungwa. Cassio analetwa kwenye kiti, na cheo cha kukitawala kisiwa sasa ni chake. Ndiye atakayeamua adhabu. Othello anaomba aulizwe huyu nusu shetani kwa nini aliitega roho yake na mwili wake. Jibu tunalijua: msiniulize kitu, mnachokijua mnakijua, tangu sasa sitasema neno.

Huwa tunafundishwa kuusoma unyamavu huo kama fumbo la ubaya. Mimi nauona umefungwa na watu waliomo chumbani. Kumjibu Othello ni kusema nilisikia kwamba ulilala na mke wangu, na mke mwenyewe kalala pale, amekufa kwa mkono wa Iago mwenyewe, bila kuulizwa swali hilo hata mara moja. Kumjibu mbele ya Cassio ni kukiri kwamba mtu huyu, gavana sasa, alikuwa na uzuri ambao Iago hakuweza kukaa nao. Wanamtishia mateso yatamfumbua kinywa. Baada ya yote aliyoyasema katika matendo matano, ndiyo mara ya kwanza anaulizwa sababu na mtu mwenye haki ya kuijua.